Ubani Uliokatazwa Mpaka Epifania

Kanisa letu la Kilutheri hapa kisiwani Amu lilikuwa chumba cha juu katika nyumba ya mawe ya kupanga, mtaa wa Mkomani, msikiti mbele na msikiti nyuma. Tulikuwa wachache: waliotoka upande wa Tana, na watoto wa watumwa walioachwa huru, kama mimi. Nyimbo za Kijerumani tuliziimba polepole, hata ukisinzia ubeti wa kwanza ukiamka wawakuta watu palepale.

Mchungaji wetu, Mjerumani, alikuwa mtu mwema. Nalisema hili mapema, maana yanayofuata hayatamsaidia.

Alichochukia ni ubani. Alisema ni dini ya jirani. Nami nilipozaa mtoto wangu wa kwanza nilifanya kama kila mwanamke wa Amu: nilifukiza nguo zake ubani alionipa jirani yangu Mwislamu, na kitovuni nikamtia maji ya manemane. Nilipotoka arobaini mchungaji akaja kumtazama mtoto. Akanusa, akaaga. Kesho yake mzee wa kanisa akaniletea neno: mtoto habatizwi mpaka nisimame mbele ya watu niseme nimekosa.

"Nimekosa nini?"

"Ubani, Bi."

"Na kiko chake anachovuta kutwa?"

"Kiko si dini, Bi."

Nilicheka, lakini moyoni sikucheka. Mwaka ule homa ilikuwa ikichukua watoto, na wangu alianza kuchemka usiku. Akifa, Waislamu hawatamzika kwa kuwa ni wa Wakristo, na Wakristo hawatamzika kwa kuwa anukia Kiislamu. Mume wangu akaniambia, "Sema tu umekosa, maneno hayana uzito." Nikamwambia, "Kama ni mepesi, yabebe wewe." Hakuyabeba.

Krismasi tukaketi mkekani, tukahubiriwa sana jinsi Mwana wa Mungu alivyolazwa horini, asichukie harufu ya ng'ombe. Nikamtazama mchungaji. Ng'ombe walikuwa na ruhusa.

Epifania, sikukuu ya Mamajusi, iliangukia Jumapili. Asubuhi mzee wa kanisa akaja kwangu akihema. Mchungaji ana mahubiri ya Mamajusi waliomletea mtoto Yesu dhahabu, ubani na manemane, na alipenda kutuonyesha vitu kwa macho, maana alituona wagumu wa kuelewa. Dhahabu ipo, pete ya mkewe. Ubani na manemane hana.

"Dukani je?"

"Jumapili hatununui, Bi. Wajua."

"Na nyumba za Wakristo wenzetu?"

"Nimepita ndia zote. Kila mtu aapa hana." Akashusha sauti. "Na kila nyumba yanukia."

"Mimi nimekatazwa, Bwana."

"Si wa kuchoma. Ni wa kutazama."

"Mamajusi walimfuata mtoto na ubani wao. Wangu nao hautoki bila mtoto. Akiutaka ubani, ambatize. Kamuulize."

"Bi, wewe una kichwa kigumu kama jiwe la kusagia!"

"Basi saga upesi, watu wanangoja."

Akaenda, akarudi.

"Amesema hiyo ni hila."

"Kisha?"

"Kisha amesema uje."

Nikaenda, ubani na manemane mkono huu, mtoto mkono huu. Mchungaji akauinua ubani juu akatueleza kuwa katika nti ya Wayahudi zamani zile kitu hiki kilikuwa adimu, cha kupewa wafalme. Upande wa wanawake tukakohoa. Manemane, akasema, ni dalili ya mauti. Hakuna aliyemwambia habari za kitovu.

Halafu akaniita. Mtoto alikuwa wa moto mikononi mwangu. Akaniuliza kama namkana Shetani na kazi zake zote, na alipofika kwenye "zote" akautazama ubani pale mezani, akanitazama mimi. Nikangoja aongeze neno. Nilikwisha kuamua: akiongeza, narudi na mtoto wangu, tukazikane wenyewe. Akachota maji.

Mtoto alilia kilio cha kuamsha mtaa. Nikashukuru, maana siku mbili hakuwa na nguvu za kulia.

Homa ilishuka juma lile. Mchungaji akasema ni ubatizo. Jirani yangu akasema ni manemane. Wote wawili walikuja kunieleza vizuri sana, mmoja asubuhi, mmoja jioni. Mimi nilikuwa na mtoto mwenye njaa, nikamnyonyesha.