Fensi ya Mama Mkwe

Kama kuna kazi ninayoijua vizuri, ni kupogoa chai. Shamba letu liko juu kidogo ya Kebirigo, na nimelipogoa kwa mkono wangu kwa zaidi ya miaka ishirini. Majirani huniita niwaonyeshe namna ya kushika panga. Unakata mpaka vinabaki vijiti vitupu, na mgeni akipita anadhani umeharibu shamba la watu. Baada ya miezi michache kijani kimejaa tena. Kwa hiyo nilipoamua kuipanga upya bustani ya nyumbani, sikumwuliza mtu ushauri.

Bustani gani, kwanza! Ulikuwa msitu. Mparachichi ulikuwa umelilalia paa la jikoni. Upande wa barabara ilisimama fensi ya saiprasi ambayo haikuwa fensi tena. Haikuwa imepunguzwa kwa miaka mingi, na sasa ilikuwa safu ya miti mirefu kuliko nyumba, imebanana, haipitishi jua hata saa sita mchana. Nyumba ndogo ya mama mkwe wangu iko chini yake kabisa. Kuta zilikuwa na ukungu, blanketi hazikauki, na magoti yalimsumbua kila asubuhi. Nilitaka jua limfikie. Nilitaka na maua pia, sitaficha. Nimelima chai na mboga maisha yangu yote, nikatamani kupanda kitu kisichopelekwa kwenye mzani wa kituo cha kununulia chai.

Miti hiyo aliipanda yeye mwenyewe, mwaka aliofiwa na mumewe. Watu wa ukoo walikuwa wameanza kusema kwamba mpaka haukuwa pale, kwamba mjane mwenye watoto wadogo ataifanyia nini ardhi yote ile. Hakubishana nao. Alikwenda kwao Manga, akarudi kwa miguu na miche ya saiprasi ndani ya kikapu kichwani, akaenda tena na tena, akaipanda mstari mmoja kando ya mpaka. Maneno yakaisha. Sasa macho yake yamefifia, anaona mwanga na kivuli tu, lakini akitoka nje hulitafuta shina la kwanza kwa mkono, analigusa, ndipo anaendelea na safari zake.

Nilipomwomba ruhusa aligeukia miti yake kwanza. Nyumbani tunazungumza Ekegusii, na alichosema ni hiki: "Kata. Lakini fensi yangu isife."

"Mama, mimi nikikata kitu, kinachipua," nikamjibu.

Nilimwita fundi wa msumeno wa injini, mtu wa kando ya ziwa anayeishi Kebirigo na familia yake. Alianza na mparachichi. Nilitarajia aukate kichwa, lakini alipanda juu, akatoa matawi makavu, yale yanayosuguana na yale yaliyolalia paa, akauacha mti na umbo lake. Nikampa heshima yake. Tulipofika kwenye saiprasi nikamwonyesha kiunoni kwangu, kwamba akate hapo, na matawi yote ya pembeni ayaondoe, yabaki mashina.

Alizima msumeno. "Mama, hii si majani chai. Hii ukitoa kijani yote, hairudi. Tukate juu kidogo, tuache hii ya chini, mwaka ujao tena kidogo."

"Wewe mambo yako ni samaki," nikamwambia. "Hapa ni milimani. Kata."

Alicheka, akakata. Alipofika katikati ya safu mvua ya alasiri ilishuka, akafunga vyombo vyake, akaenda. Mpaka leo naishukuru mvua ile.

Asubuhi iliyofuata jua liliingia mpaka mlangoni kwa mama mkwe, nikaona nusu iliyobaki ingoje kwanza. Niliuona mgongo wa milima ya Manga kutoka jikoni kwangu kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Yeye aliketi nje, miguu ameinyoosha, blanketi zake zote zimeanikwa nyuma yake. Nilijiona bingwa. Nikachimba vitanda vya maua, nikahamisha mboga zangu za managu karibu na jikoni, nikapanda nyasi mahali palipokuwa pamejaa majani yaliyooza.

Kila jioni aliniuliza, "Imechipua?"

"Bado kidogo, Mama."

Mwezi ukapita, ukaja wa pili. Visiki havikutoa hata jicho moja la kijani. Nilivimwagia maji, nikavitilia samadi, hata mbolea ya chai nikaweka. Gome likaanza kubanduka. Nilijua, lakini kujua na kukubali ni mambo mawili, hasa kwa mtu anayeitwa na majirani kufundisha. Jioni moja aliponiuliza nilijisikia nikisema, "Imeanza, Mama. Inakuja vizuri."

Nikasema hivyo kesho yake, na kesho kutwa, mwezi mzima.

Siku moja natoka kuchuma chai nikamkuta amesimama penye fensi peke yake. Alikuwa ameshika kijitawi kilichobaki kwenye kisiki cha kwanza. Alikikunja kidogo tu. Kikavunjika, tak. Akahamia kisiki cha pili, akakipapasa, akavunja. Cha tatu, vilevile. Nilisimama na kikapu mgongoni, na aibu niliyoiona siku ile sijawahi kuiona tena.

"Fensi nimekusamehe," alisema bila kugeuka. "Mtu hukosea. Lakini umenichukua mimi kuwa kipofu."

Niliweka kikapu chini, nikasema ni kweli, nimekosa. Akaingia ndani.

Kesho yake nilimwita tena yule fundi, nikamwambia mbele ya mama mkwe kwamba alinionya nikampuuza. "Basi leo nikate samaki ama miti?" akauliza, na sote watatu tukacheka, hata yeye mwenye fensi. Nusu iliyobaki fundi aliipunguza juu kidogo, akaacha kijani chote cha chini. Iko hai mpaka leo, na kila mwaka tunaishusha kidogo. Visiki tuliving'oa. Mimi nikapanda mlima kwenda Manga, nikaleta miche. Boda boda ilikuwepo, lakini nilirudi kwa miguu, na kikapu kichwani.

Tuliipanda pamoja, yeye ameketi kwenye kigoda akinipa mche mmoja mmoja, mimi nikichimba kwenye mstari uleule. Sasa naipunguza ingali michanga, na bustani yangu majirani wanakuja kuitazama. Naonyesha kila kitu, na wakiniuliza kuhusu saiprasi nawaambia nilichofanya, kisha nawaonyesha inavyotakiwa.

Jioni bado ananiuliza, "Imeshika?"

Simjibu. Namshika mkono, tunatembea mche kwa mche, anagusa mwenyewe.