Orodha ya Mama Monika

Kunegunda Komba alikuwa mpiga taipu wa chama cha ushirika mjini Songea kwa miaka kumi na minne. Siku moja ya Julai, mwaka tisini na tano, meneja alimletea karatasi ya watu watakaopunguzwa kazini ili aipige vizuri. Alipofika jina la sita akakuta ni lake. Akalipiga bila kukosea herufi, akaipeleka karatasi itiwe sahihi, akarudi kukusanya vikombe vyake vya chai.

Hakuwa peke yake. Wanunuzi binafsi wa tumbaku na mahindi walikuwa wameingia na magari yao, na ushirika ukabaki kama koti la marehemu: mabega yapo, wa kuyajaza hayupo. Kunegunda akaondoka na taipureta kuukuu iliyokuwa imetupwa stoo. Akaiweka barazani kwake Msamala, watu wakaanza kuja, huyu na mkataba wa kiwanja, yule na maombi ya kazi, mwingine na barua kwa shemeji aliyeko Dar es Salaam. Mume wake, Sixbert, alikuwa seremala. Akitoka asubuhi kwenda karakanani Matogoro, harudi mpaka jua limezama.

Kushinda nyumbani ndiko kulikomfumbua macho. Binti yao Monika alikuwa na miaka tisa. Alizaliwa kwa taabu, akachelewa kulia, akachelewa kukaa, akatembea ana miaka minne. Maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Alipofika miaka saba walimpeleka darasa la kwanza, na baada ya wiki tatu mwalimu mkuu akamwita Kunegunda, akamwambia kwa upole, "Mama, tumejaribu. Darasa lina watoto tisini, na huyu wako kila kengele ikigongwa anashika njia anakwenda zake." Tangu hapo mtoto alilelewa na yaya, na Kunegunda, kusema kweli, alishukuru kuwa na ofisi ya kukimbilia.

Sasa ofisi haikuwepo. Akamtazama mwanawe kutwa nzima, akaona mambo aliyokuwa hayajui. Monika aliyatenga maharage mekundu na ya njano bila kuambiwa. Alikuwa akilishwa na yaya, na mikono yake mizima. Nyimbo za kanisani alizijua zote, sauti bila maneno.

"Huyu anafundishika," Kunegunda akamwambia mumewe.

"Na nani?" Sixbert akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua.

Hilo ndilo swali alilolibeba mjini kwa miezi kadhaa. Hospitalini daktari alimwambia dawa hakuna, atafute shule. Parokiani padre akampa anwani ya shule moja ya bweni, huko mikoa ya kaskazini. Kunegunda akaandika. Jibu likaja baada ya miezi miwili: nafasi zimejaa, na hata zikipatikana, wanapokea tu mtoto anayeweza kuoga na kuvaa mwenyewe. Sixbert aliposomewa barua ile alishusha pumzi. Hakutaka mwanawe apelekwe mahali ambapo hakuna anayejua kuwa radi ikipiga anajificha chini ya meza.

Kwenye ofisi ya elimu alimkuta Bwana Isidori, mtu mzima mwenye miwani, mbele yake daftari kubwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Kaa. Una shida gani?"

Kunegunda akaeleza yote. Bwana Isidori akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeuzia lile daftari. "Kuna kitu kinaitwa kitengo. Ni darasa la watoto wa namna hiyo ndani ya shule ya kawaida, na mwalimu wake. Lakini kitengo kinafunguliwa penye watoto. Mimi kwenye daftari langu hapa sina hata mmoja."

"Monika wangu je?"

"Mmoja si darasa. Niletee kumi. Jina, umri, na sahihi ya mzazi."

Alisema hivyo kama mtu anayefunga mlango taratibu. Kunegunda aliuona mlango uko wazi.

Wa kwanza hakumtafuta. Aliletwa barazani na barua ya tumbaku. Alfani, mkulima wa Namtumbo, alikuja kupigiwa taipu malalamiko yake kwa mnunuzi aliyewashushia daraja la majani ili alipe bei ndogo. Alikuwa ameketi akisubiri, Monika akapita akiimba. Alfani akamfuata kwa macho mpaka alipoingia ndani.

"Mama, samahani. Huyu mtoto alizaliwa hivi?"

"Alizaliwa hivi."

"Ninaye mmoja kama huyu. Somoe. Ana miaka kumi. Mwenyezi Mungu ametujalia, lakini hatujui tumfanyeje."

Kunegunda akaitoa ile barua ya tumbaku kwenye mashine, akaweka karatasi nyeupe. Akaandika: 1. Monika Sixbert. 2. Somoe Alfani.

Baada ya hapo akaanza kuuliza. Aliuliza kwenye jumuiya ya kanisani, kisimani, kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Watu wakamnong'oneza, nyumba fulani, nyuma ya kanisa. Nyumba ya yule mama muuza mkaa. Alikuwa anakwenda kwa miguu, na Monika mkononi. Wengine walifungua mlango wakalia. Wengine walidhani anakusanya watoto wa kupelekwa kwa wazungu. Baba mmoja alimwambia waziwazi kwamba mtoto wake si wa kuandikwa kwenye karatasi na vichaa wa watu. Kunegunda akamuaga kwa heshima, akaondoka.

Nyumba iliyomkalia moyoni ni ya Notburga, mjane wa kule Matogoro, chini ya msitu.

"Hapa hakuna mtoto wa namna hiyo," Notburga alisema kabla hata hajaulizwa vizuri. Nyuma yake, chumbani, kitu kiligonga ukuta. Kikagonga tena.

"Ni mbuzi," Notburga akasema.

"Haya, dada. Nitapita siku nyingine."

Alipita siku nyingine, na nyingine tena. Mara ya tatu mvua iliwakuta njiani, wakafika wamelowa chapachapa, yeye na Monika. Notburga hakuweza kumfukuza mtu kwenye mvua. Akawaingiza jikoni, akachochea moto. Monika alikaa kidogo, kisha akainuka, akasukuma mlango wa chumbani kabla mama yake hajamshika. Akaingia.

Walipomfuata walimkuta amechuchumaa mbele ya kijana mdogo wa miaka kumi na mmoja, mguu wake umefungwa kamba kwenye tendegu la kitanda. Monika alikuwa anampa muhogo wa kuchemsha aliokuwa ameushika. Mtoto alikuwa anaula.

Notburga akakaa sakafuni. "Nikienda shamba nani atamwangalia? Mwaka juzi alikwenda mtoni, wakamtoa amekwisha kunywa maji. Nafunga kamba ili awe hai. Mungu ananiona."

"Simfungi wangu kwa sababu nilikuwa na yaya," Kunegunda akamjibu. "Ningekuwa na jembe tu kama wewe, ningefunga pia. Anaitwa nani?"

"Mathias."

Akawa jina la tisa. Notburga hakujua kuandika, akatia dole gumba.

Ilipofika Agosti, mwaka tisini na sita, Kunegunda aliweka mezani kwa Bwana Isidori orodha ya watoto kumi na mmoja, imepigwa taipu, haina hata kosa moja. Bwana Isidori akaisoma jina kwa jina, kidole kikishuka. Akavua miwani.

"Hawa wote wako mjini hapa?"

"Mmoja yuko Namtumbo. Wengine unapita milangoni kwao ukija kazini, baba."

Bwana Isidori akavaa tena miwani. Akaita karani, akamwagiza jalada la walimu. Hapo ndipo lilipojitokeza jambo lililomchoma Kunegunda kuliko milango yote aliyofungiwa: mwalimu alikuwepo. Leodegari, kijana mpole wa pale mjini, alikuwa amesomea miaka miwili namna ya kufundisha watoto wa aina hii. Aliporudi hapakuwa na kitengo, wakampa jiografia darasa la sita. Kwa miaka minne alifundisha mito na milima, na Monika anakaa nyumbani nusu saa kwa miguu kutoka pale.

"Kwa nini hukusema?" Kunegunda alimuuliza walipokutana.

"Nilisema, mama. Nikaambiwa watoto hawapo."

Kitengo kikafunguliwa Januari iliyofuata, kwenye chumba cha stoo ya majembe. Wazazi walifagia, Sixbert akatengeneza madawati mapana, ya miguu mifupi. Siku ya kwanza, kati ya kumi na mmoja, walikuja watano. Wengine waliendelea kuja mmoja mmoja, kila nyumba ikichungulia kwanza ya jirani.

Somoe wa Namtumbo hakuwa na pa kufikia mjini. Kunegunda akajitolea akae kwake. Alfani akamleta mwenyewe, na mkungu wa ndizi, akakaa barazani akisitasita.

"Mama, neno moja tu. Ile nyama."

"Kitimoto?"

"Ndiyo hiyo."

"Mwanao akiwa hapa, haitaingia kwenye sufuria yangu."

Sixbert, aliyekuwa akisikia ndani, aliguna. Kuanzia wiki ile nguruwe wake alimlia kwenye kilabu, na hakulalamika zaidi ya hapo.

Sio kila kitu kilikwenda kama Kunegunda alivyoota. Aliota Monika akisoma kitabu. Mwaka wa pili Leodegari akamkalisha chini. "Mama, sitakudanganya. Kusoma, sidhani. Lakini anaoga, anavaa, anafunga vifungo. Anahesabu mpaka kumi na mbili. Somoe atasoma kidogo. Mathias ameacha kupiga watu, na sasa tunampa kumwagilia bustani ya shule." Kunegunda alilia njiani, akapangusa uso kabla ya kufika nyumbani. Kesho yake akamtuma Monika dukani kwa mara ya kwanza. Akarudi na chumvi, kama alivyotumwa.

Kufikia mwaka tisini na tisa kitengo kilikuwa na watoto kumi na tisa na mwalimu wa pili. Notburga alikuwa akimfikisha mwanawe mpaka getini, kisha ndipo anakwenda shamba.

Asubuhi moja ya Mei, baridi kali, ukungu umefunika Matogoro, Kunegunda alikuwa anampeleka Monika kama kawaida. Walipofika kwenye kona, binti alisimama. Alikuwa ametimiza miaka kumi na mitatu, amemfikia mama yake mabegani. Akauchomoa mkono wake.

"Mawu," akasema, kama alivyozoea kumwita mama yake. "Rudi."

"Nirudi? Na gari likija?"

Monika akatazama kulia, akatazama kushoto, polepole, kama alivyofundishwa. "Rudi," akasema tena, akavuka.

Kunegunda alisimama pale mpaka sweta la bluu lilipoingia getini. Kisha akakumbuka kuwa ameacha maharage motoni, akageuka akaanza kutembea haraka.