Mtu wa Betri Aliyeomba Moto

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize. Jambo hili sikusimuliwa na mtu. Lilitokea nyumbani kwangu, Chang'ombe ya hapa Dodoma, na mke wangu aliyepatwa nalo yuko hapo nje ukutani. Ukitoka unaweza kumsalimia.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, nami karani wa masjala nikapunguzwa na wenzangu, nikapewa kiinua mgongo na barua ya kunishukuru. Mjini kila mtu alikuwa amegeuka mfanyabiashara. Mke wangu, Sechelela, Mgogo wa Hombolo, alitaka tununue mashine ya kusaga. Mimi niliona hiyo ni biashara ya watu wasio na mawazo. Nilikuwa na maringo ya kijinga, usiniulize yalitoka wapi.

Huyo mtu wa betri nilimkuta kwenye kijiwe cha kahawa. Alijiita fundi, akasema ana kampuni changa ya betri. Labda wewe hujui betri ilivyokuwa jambo zito siku zile. Betri za redio zikifa tulizianika juu ya bati, ziote jua kutwa, jioni zipate moto kidogo wa kusikilizia taarifa ya habari. Sasa huyu anasema betri yake haifi. Ni mtungi wa udongo, ndani kuna magadi, makapi ya zabibu na vitu vingine asivyovitaja. Alikuwa anatafuta wabia wa mwanzo, watakaoingia kabla jina halijavuma. Nani asingesikiliza?

Nikaenda kujionea huko Hombolo, alikosema ana kibanda cha kazi. Kibanda kilikuwa mbali na nyumba za watu, mitungi imepangwa sakafuni, taa zinawaka mchana kweupe. Yeye alikuwa ndani ya koti zito la mtumba, vifungo vyote amefunga, na hilo lilikuwa jua la Oktoba. Hakuwa na tone la jasho. Aliponipa mkono nilihisi baridi, nikadhani ana malaria. Nikamuuliza maswali ya kikarani: nani wengine wameingia, na ikishindikana je? Akanijibu bila kujificha kwamba kampuni ikifa, hela imekufa nayo. Ukweli huo ndio ulionivuta.

Nilirudi nikapima kwa siku nyingi. Mashine ingetupa kidogo, lakini kila siku. Betri ikishika, ningekuwa mmoja wa waliokuwapo tangu mwanzo. Isiposhika, mwanetu Nyemo angesomeshwa kwa hela gani? Nilikuwa bado kwenye mizani hiyo alipopiga hodi kwangu jua linazama, mtungi mpya kwapani. Sechelela alikuwa uani anasonga ugali.

Nikamwambia sijaamua kuhusu hela.

"Hela yako kaa nayo kwanza, ndugu," akasema. "Mimi nipe moto tu. Kaa moja la jikoni kwako nilitie humu, betri ianze kazi. Ukiridhika, ndipo tuzungumze hisa."

Sechelela akaacha mwiko. "Baba Nyemo, mwambie mgeni akanunue kiberiti dukani. Kwetu, mtu ambaye hujaona moshi wa kwake hapewi moto wa jikoni."

Nikacheka. Mimi nimekulia Morogoro mjini, mambo hayo niliyaita ushamba, tena mbele ya mgeni. Nilijiona mjanja kweli: naonja bila kununua. Ni kweli kule kibandani sikuona jiko wala sufuria, lakini jambo hilo lingenijiaje akilini? Nikamwambia, "Chukua."

Alichukua kaa jekundu kwa vidole vitupu, akalitia mtungini. Niamini, makaa yote yaliyobaki jikoni yakawa meusi kwa pamoja, na ugali ukabaki mbichi kwenye sufuria. Yule mtu akafungua vifungo vya koti, akalivua, akajipangusa jasho. Akamwangalia mke wangu, si mimi, akasema, "Asante, mama." Akaondoka koti likiwa mkononi, mtungi akatuachia.

Nikaunganisha nyaya kwenye redio. Sauti ilitoka safi ajabu. Nilipougusa mtungi ulikuwa na joto, lile la ubavu wa mtu aliyelala.

Msimu mzima tukasikiliza. Majirani walijaa uani kwa mpira, kwa salamu, kwa muziki, nami nikawa naikuza sauti ili hata barabarani wasikie kwamba mimi ndiye mwenye betri isiyokufa. Sechelela akaanza kuomba sweta. Kisha blanketi, mchana. Hospitali walipima hawakuona kitu. Siku moja mpira umepamba moto, nikamwona anatetemeka mpaka meno yanagongana. Nikapunguza redio nimsikie anasema nini, akatulia. Nikaongeza, meno yakaanza tena. Nilirudia kuongeza na kupunguza mbele ya majirani. Nikazing'oa nyaya.

Hombolo nilikuta kibanda hakina paa. Wenyeji wakasema ni ghala la zamani la zabibu, hawajawahi kuona mtu akiishi pale. Mtungi sijathubutu kuuvunja. Hela haikupungua hata shilingi. Nilinunua ile mashine ya kusaga, ikatulisha na kumsomesha Nyemo, na Sechelela, mwenye wazo lake, hakuwahi kupata nguvu ya kusimama karibu nayo.

Ndiyo maana nakwambia: mtu akija na biashara mpya, akasema hela yako kaa nayo, anataka kitu kidogo tu, hapo ndipo uogope. Hela mimi niliilinda vizuri sana. Moto wa mke wangu niliutumia kusikilizia mpira.

Siku hizi kila asubuhi namtoa nje, namkalisha ukutani juani, na mtungi namwekea mapajani, bado una uvuguvugu. Asubuhi hasemi kitu. Jua likimwingia vizuri kutwa, jioni anapata nguvu kidogo ya kuongea. Ananiuliza mbona nyumba imekuwa kimya, redio tulimpa nani. Mpaka nipate la kumjibu, huwa ameshanyamaza.