Migomba ya Usiku Mmoja

Ramani ya kwanza niliyochora peke yangu nusura iniangushe kwa sababu ya migomba, na mpaka leo nikiona mkungu sokoni nacheka peke yangu.

Zilikuwa enzi za ruksa, Dar inatanuka kila upande, na ofisi yetu ilitaka kujua wapi bado kuna nyasi, wapi mashamba, wapi nyumba. Nilikaa miezi nimeinamia picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, napaka rangi: njano nyasi, kijani migomba, nyekundu nyumba. Kazi hiyo bosi hakuwahi kumpa mwanamke. Akaniambia kwa ule upole wake wa kuudhi, "Tutaona, binti. Makosa yakizidi, ataichora upya mwingine." Nikaapa moyoni kwamba haichori mtu.

Mkaguzi wa kulinganisha ramani na ardhi yenyewe alikuwa mzee wa Bukoba, amenyooka kama rula. Nukta za kukagua zilichaguliwa kwa bahati nasibu, ili mtu asijitafutie pa kumpendeza. Yeye alisimama juu ya kila nukta na kuandika anachokiona, basi; kikipishana na rangi yangu, ni kosa. Mimi nilimwongoza kwa dira na picha. Ubungo tulikwenda vizuri, Mikocheni nikaharibu kidogo, na tulipofika Boko zimebaki nukta mbili, nilikuwa nimebakiwa na nafasi ya kosa moja tu.

Nukta ya kwanza ilikuwa kwenye nyasi tupu, kama nilivyopaka. Kabla hajafungua kalamu, mvua ikatukimbiza. Nikachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu tusipotee kesho yake.

Kesho yake kijiti kilikuwa katikati ya shamba la migomba. Mgomba mmoja ulikuwa na mkungu, umefungwa kamba usianguke.

"Imepandwa jana hii!" nilipiga kelele.

"Migomba naijua kuliko wewe," alisema mkaguzi. "Lakini fomu hainiulizi imepandwa lini."

Nikajipa moyo. Nukta ya pili ilikuwa ng'ambo ya mfereji tu, na huko nilipaka kijani. Tukavuka, tukakuta mashimo. Mwenye shamba alikuwa amekaa kibarazani, hana wasiwasi.

"Shikamoo baba. Migomba iko wapi?"

"Marahaba. Nimemwazima jirani."

Makosa mawili kwa migomba ileile! Nilitaka kulia, hasira zikanizuia. Nikamwomba mkaguzi asubiri. Akaketi kwenye gogo, akafungua kifurushi chake cha muhogo. "Nikimaliza kula, naandika," akasema.

Nikarudi mbio. Karibu na kijiti palikuwa na kibanda cha udongo, na mama mmoja mlangoni kajifunga kanga, kanikazia macho.

"Shikamoo mama. Hii migomba..."

"Marahaba. Ya kwangu, toka enzi za marehemu."

"Mama!"

"Sasa nyie mmechomeka kitambaa chekundu, mlitaka sie tufikirie nini? Si mnatuhamisha? Basi mtulipe na fidia ya migomba."

Hasira zikaniishia palepale. Kijiti kile nilikichomeka mimi, nikaenda zangu kulala, na hawa wamekesha wakibeba migomba kwa hofu. Nikamwambia hahami mtu, nikatandaza ramani chini aone kazi yenyewe. Akainama.

"Nyumba yangu iko wapi?"

"Haionekani kutoka juu, mama. Hapa pote nimepaka nyasi."

"Yaani mie na wanangu wote ni nyasi?"

Nilimwonea haya kweli. Alinitazama, kisha akaangua kicheko, akaita nyuma ya nyumba, "Nyie! Rudisheni migomba ya watu!" Akanigeukia. "Lakini siku ukichora nyingine, nitafute."

Wanawe wakang'oa, mimi nikabeba ule wenye mkungu, tope mpaka magotini. Mkaguzi, ambaye siku zote hula kama anakimbizwa, alikuwa bado anatafuna kipande cha kwanza. Shimo la mwisho lilipofukiwa, akapangusa mikono, akasimama juu ya nukta ya pili, akaandika: migomba. Akavuka mfereji, akaandika: nyasi.

Ramani ikapita. Bosi akanipa na ya Temeke, bila maneno.

Miaka baadaye zikaja picha mpya za Boko. Nilichukua kioo cha kukuzia, nikaufuata mfereji, nikaliona bati jipya linang'aa mahali pa kile kibanda. Sikuanza na barabara kama tulivyofundishwa. Nilianza kwa yule mama, nikampaka nyekundu.