Penye Malori Mengi Ndipo Pa Kula

Shule niliishia darasa la nne, ila kwa kula Makambako hakuna wa kunifundisha. Kanuni yangu ni moja: penye malori mengi pana chakula kizuri.

Juzi alikuja mzee kutoka Makete, kijana wake anataka kumwoa binti yangu. Alikuja kutupima sisi ni watu wa namna gani. Nikampeleka kwenye turubai kando ya barabara, malori yamejipanga, watu wanakula.

"Karibu mkwe, hapa wananijua."

Msichana akatuletea wali na maharage. Nikamuuliza:

"Dada, nyama iko wapi?"

"Baba, leo ni maharage tu."

"Mpishi wenu mvivu!"

Nikamgeukia jirani wa kiti, nikaanzisha habari za mpira: "Yule golikipa wetu anadaka upepo tu." Ubishi ukawaka, wazee wakacheka, nami nikajiona mwenyekiti.

Ndipo katekista akasimama na kipaza sauti.

"Tunawashukuru madereva kwa kuja kumzika mwenzao. Na wewe mzee wa kofia nyekundu, umewachangamsha wafiwa. Njoo utueleze, marehemu ulimfahamu vipi?"

Nikaivua kofia haraka. Mkwe akanisukuma kwa kiwiko.

"Nenda, mkwe. Si wanakujua hapa?"