Mwaka Dada Alipopewa Jina Langu

Nilipokuwa mtoto, bado wa kubebwa mabegani, baba yangu aliniita mama. Hakuwa akinitania. Kwetu Maragoli mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyekwisha kufariki, na mimi nilizaliwa miezi michache baada ya kifo cha Guku, mama mzazi wa baba, basi nikapewa jina lake, Kageha. Baba akirudi jioni kutoka karakana ya samani alikofanya kazi, vumbi la mbao limemjaa hadi kwenye kope, alisimama mlangoni pa nyumba yetu ya kupanga jijini, pale Kabiria, na kusema, "Mama, umeshindaje?" Nami nilimjibu kwa sauti nzito niliyoamini kuwa ndiyo ya Guku, ingawa sikuwahi kumsikia akizungumza.

Sitajifanya kwamba nililibeba jina hilo kwa unyenyekevu. Nilitamba nalo. Jumapili kuku akichinjwa, firigisi ilikuwa ya baba, maana kwa desturi yetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na baba aliikata akanipa kipande, akisema hawezi kula huku mama yake anamwangalia. Dada yangu Rose, aliyenizidi miaka minane, alipewa shingo. Yeye alizaliwa Guku akiwa hai, na jina la mtu aliye hai halipeanwi. Lakini Rose alikuwa na mengine. Alikuwa mrembo, alikuwa wa kwanza darasani, na mama, aliyekuwa msusi Kenyatta Market, alijaribu kila mtindo mpya kwenye kichwa cha Rose kwanza ili wateja wauone. Mimi nywele zangu zilikuwa fupi na ngumu, na darasani nilikuwa wa katikati. Nilikuwa na jina tu, na lilinitosha.

Rose alianza kuugua likizo moja ya Agosti, akiwa kidato cha tatu. Mwanzoni tulifurahi, maana alirudi kutoka shule ya bweni akiwa mchangamfu kupita kawaida. Kulipopambazuka tulikuta ameosha vyombo vyote, vyetu na vya jirani. Aliongea kwa kasi hadi maneno yakakanyagana, akaniambia atajenga shule ya wasichana kule Uthiru na kiwanja ameshakiona. Tulilala kitanda kimoja mimi na yeye, na kila nilipogeuka nilimkuta ameketi. Kisha siku moja akatoka miguu mitupu hadi Waiyaki Way, akawa anawapungia mkono wenye magari kama watu waliokuwa wakimsubiri. Mama alimrudisha nyumbani amemfunika leso, na majirani wote walikuwa milangoni.

Kliniki ya mtaani walimpima damu wakasema malaria imempanda kichwani. Dawa zilipokwisha bila mabadiliko wakasema basi ni taifodi. Siku hizo mtaani kwetu ilikuwa vigumu kutoka kliniki bila moja kati ya hayo mawili, hata ukienda na jino. Kanisani wakasema ni mapepo, wakamwombea hadi sauti zikawakauka wao, Rose akiendelea kuimba. Ndipo akaanza kumtaja Guku. Alisema Guku anamwita, na alizungumza Kimaragoli cha kizee, chenye maneno ambayo hata mama ilimbidi amuulize baba maana yake.

Nilikuwa nimesimama kando ya pazia la chumba chetu nikimsikiliza, na kilichonishika hakikuwa huruma. Kilikuwa wivu mtupu. Guku alikuwa wangu. Kama alikuwa na neno la kusema, mbona hakuja kwangu, mimi niliyelitunza jina lake miaka yote hiyo? Leo najua kwamba Rose alilelewa na Guku kijijini hadi alipofika umri wa kuanza shule, na maneno yale aliyaokota mgongoni mwake. Wakati ule hakuna aliyelifikiria hilo, na mimi ndiye ningekuwa wa mwisho kulifikiria.

Baba akamwita dada yake kutoka kijijini. Senge, ndivyo tunavyomwita shangazi, alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa mikono, asiye na shaka juu ya jambo lolote. Alimtazama Rose kwa muda, akaomba chai, akainywa yote, kisha akaweka kikombe chini.

"Huyu si mgonjwa," alisema. "Ni jina."

"Jina gani?" baba akauliza.

"Ya mama. Huyu ndiye mama alibeba kwa mgongo. Nyinyi mkaenda mkapatia huyu mdogo, mwenye mama hata hakumuona. Sasa mama amekuja kutafuta mtu wake."

Watu wazima wote waligeuka wakanitazama. Mimi niliyependa sana kutazamwa, siku hiyo nilitamani niingie chini ya meza.

Kwetu mtoto mchanga akilia bila kukoma, wazee humtajia majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na lile linalomnyamazisha ndilo lake. Sijui kama kuna mahali jambo hilo lilipowahi kufanyiwa msichana wa kidato cha tatu, lakini Senge hakusita. Jumamosi mchana walimkalisha Rose kwenye mkeka, ameegemea bega la mama. Asubuhi yake mama alikuwa amempeleka tena kliniki, na huko wakamdunga sindano ya kumtuliza. Tulikuwa tumesogeza viti hadi ukutani. Senge akapiga magoti mbele yake na kuanza kuwaita.

"Minayo."

Rose akaimba.

"Kasaya."

Rose akaimba, sasa kwa sauti ya chini zaidi.

"Vihenda. Mmbone."

Nilikuwa nimekaza meno nikimsihi huyo Mmbone, ambaye sikumjua hata kwa picha, amchukue dada yangu na mambo yaishe. Rose alipiga mwayo. Senge akamwinamia sikioni.

"Kageha."

Na Rose akanyamaza. Kichwa chake kililala begani mwa mama, mdomo ukafunguka kidogo, akapitiwa na usingizi uliokwenda hadi jioni ya siku ya pili. Baba alifunika uso kwa viganja akalia mbele yetu. Sindano hakuna aliyeitaja. Hata mimi sikuikumbuka hadi nilipokuwa mtu mzima, na nataka nieleweke hapa: niliamini kama walivyoamini wote. Kama ningekuwa na shaka hata kidogo, isingeniuma vile.

"Wewe sasa utakuwa Evalini," Senge aliniambia, akinipapasa kichwa. "Si hiyo ya ubatizo pia ni nzuri?"

Jumatatu jioni baba alirudi kutoka kazini, akasimama mlangoni kama kawaida. Alinitazama mimi, kisha akamtazama Rose aliyekuwa kwenye kochi, bado mzito wa usingizi.

"Mama, umeshindaje?" akamwambia.

Rose alifumba macho. Nusura nimjibie. Na Jumapili iliyofuata, firigisi ilipokatwa, kipande kiliwekwa kwenye sahani yake, naye akakisukuma pembeni akakiacha hapo kikapoa. Angekila ningemchukia kidogo tu. Kukiacha kwake kulinichoma, maana alikuwa na kila nilichokuwa nacho na hata hakukitaka. Nilimwonea wivu kwa ajili ya jina, na kwa ajili ya wageni waliokuja na mkate na maziwa kumjulia hali, na kwa jinsi mama alivyomlisha uji kwa kijiko. Niliuonea wivu hata ugonjwa wenyewe. Nilijaribu kuongea na Guku nikiwa chooni, kwa Kimaragoli changu kilichovunjika, na hakuna aliyeitika.

Kwa wiki kadhaa Rose alitulia, na Senge akarudi kijijini na sifa zake. Halafu Rose akazama. Hakuinuka kitandani, hakutaka kuoga wala kurudi shule, na machozi yalimtoka bila sauti siku nzima. Senge akaitwa tena, na safari hii hakuomba hata chai.

"Ni huyu mdogo," alisema. "Hajaachilia jina. Bado anajiita nayo."

Ilikuwa kweli. Shuleni mwalimu aliposoma Kageha niliitika, maana ndivyo nilivyoandikishwa, na sikuona sababu ya kumsahihisha. Basi nikasimamishwa kando ya kitanda. Nilitakiwa nijaze maji mdomoni, niyapulize kwenye miguu ya Rose, kisha niseme kwamba nimemwachia. Baba alikuwa nyuma yangu, mkono wake begani mwangu.

"Fanya tu, mama," alisema, halafu akasikia alichokisema.

Maji yalikuwa mdomoni. Sikuweza kuyatema wala kuyameza. Nilijua nikiyapuliza sitakuwa mtu wa yeyote, si wa baba wala wa Guku, na nilijua pia kwamba dada yangu anaweza kufa mimi nikiwa nimebana midomo. Mama alianza kulia. Ndipo sauti ikatoka chini ya blanketi, imekauka kwa siku nyingi za kutotumika.

"Mwacheni na jina yake. Mimi sikuomba."

"Huyo ni mama anaongea," Senge akasema haraka.

"Ni mimi naongea," Rose akasema. "Ni Rose. Tangu nishikwe na hii kitu, hakuna mtu ameniuliza naumwa wapi."

Niliyameza yale maji.

Ningependa kusema kwamba tangu siku hiyo watu walimuuliza. Senge aliondoka amekasirika, na Rose akapelekwa hospitali, ambako waliongea na baba kwa dakika chache juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo, wakaandika kwamba ana skizofrenia, ugonjwa wa akili. Dawa zilimkakamaza shingo na mikono na kumtoa mate, na shule ikaishia hapo. Mtaani wao walikuwa na jina lao, yule mwendawazimu wa kwa fundi, na hilo lilidumu kuliko yote. Baba hakumwita yeyote kati yetu mama tena. Nilirudishiwa jina kimyakimya, kama sahani iliyotumiwa na mtu mwingine, na sikujua la kufanya nalo.

Miaka ikapita. Tajiri wa baba pale karakana, mzee wa Kisikh aliyeishi Parklands, ndiye aliyemwambia siku moja kwamba hata ndugu yake hutibiwa mambo kama hayo, akampa jina la daktari aliyekuwa na ofisi ghorofani katikati ya jiji. Daktari huyo, mwanamke, aliwatoa wote nje akabaki na Rose. Alimuuliza sana kuhusu usingizi, na kuhusu zile siku za furaha kabla ya Waiyaki Way, siku ambazo sisi hatukuzihesabu kuwa ugonjwa kwa sababu tulizipenda. Akasema ni bipola, ugonjwa wa kupanda na kushuka, na akabadilisha dawa. Rose hakupona kwa siku moja, na bado huanguka mara mojamoja, lakini shingo yake ililegea na akarudi kuwa mtu anayeweza kukutania.

Siku hizi anashona nguo Uthiru, na nikipata nafasi huenda kumsaidia kushonea vifungo. Mchana mmoja nilimwambia yote, jinsi nilivyomwonea wivu hadi nikashindwa kula. Alicheka, uzi ukiwa mdomoni.

"Lakini mimi ndio nilikuwa na wivu," alisema.

"Ya jina?"

"Jina gani. Wewe ulikuwa unalala, Kageha. Mimi naketi hapo kwa kitanda, kichwa inaenda mbio siku ngapi bila kusimama, na wewe uko hapo karibu na mimi, umelala mdomo wazi. Nilikuwa natamani nikuamshe unifundishe venye unafanya."

Niliendelea na kifungo changu kwa sababu sikutaka anione uso. Maisha yangu yote nimejua vizuri sana alichopewa dada yangu na kilikotoka. Nilichokuwa nacho mimi, ambacho yeye alikitazama usiku baada ya usiku akikitamani, sikuwahi kukijua, kwa kuwa nilikuwa nimelala.