Siku Nilipohesabu Vidonge vya Mama Watoto

Ugonjwa wa viungo ulitushika mwaka uleule, mimi magotini, mama watoto vidoleni. Kliniki hapa Machakos wakatupa dawa ileile, ya mara moja kwa wiki. Tukachagua Jumapili, tukitoka kanisani, ili tusisahau.

Baada ya miezi michache nilichuchumaa na kuinuka bila kushikwa mkono. Nikaenda hadi Kithimani kununua mbuzi, na huyo mbuzi alikula kofia yangu njiani, lakini hiyo tuiache. Niliporudi nilimkuta mama watoto na mkonge wake mapajani, hasokoti. Mwanamke huyu amesuka viondo, vile vikapu vyetu, tangu nimjue. Vidole vilikuwa vimevimba, haviwezi kuviringisha uzi.

Nikafikiri: dawa yangu imefanya kazi, kwa hivyo yeye hanywi, anaitema. Alipoenda kuchota maji nikafungua kopo lake nikahesabu. Hakuna kilichozidi. Akanikuta hapo hapo.

"Unaniibia dawa, mzee?"

"Nahesabu tu."

"Darasa la pili lilikushinda, leo umekuwa karani?"

Lakini hakucheka, akaninyang'anya kopo.

Siku ya kliniki daktari, msichana mdogo, akamuuliza, "Susu, mikono inaendeleaje?" Huku kwetu vijana humwita nyanya hivyo, na babu ni umau.

Nikajibu mimi. "Iko vizuri. Ni kulalamika tu." Tangu harusi nimemjibia, hata mbele ya pasta. Sikuona ubaya.

"Umau, hiyo mikono ni yako?"

"Hapana."

"Basi wacha mwenyewe aseme."

Mama watoto akaangalia sakafu kwanza. "Nikitwanga mahindi ya muthokoi nalia. Nikisema niko sawa, ni kwa sababu yeye ameshasema."

Daktari akarudi nyuma kwenye faili. Kila tulipokuja iliandikwa vizuri, vizuri. Yote maneno yangu. Akanieleza polepole kwamba dawa moja inaweza kumshika mwanamume mapema na mwanamke asipate nafuu kama yake, hata akiinywa sawasawa. Halafu mimi nikiumwa nakaa kivulini, yeye akiumwa anatwanga. Akamwongezea dawa ya pili, akasema mchi upumzike.

"Na mahindi yatatwangwa na nani?" nikauliza.

Wakaniangalia wote wawili.

Kwa hivyo natwanga. Jirani alisimama kwenye ua akacheka mpaka akakohoa. Mahindi yangu yanaruka kila mahali, kuku wamenenepa.

Juzi Jumapili, tulipomaliza kumeza vidonge, mama watoto alivuta mkonge akajaribu. Alisokota kipande kifupi, hakifiki urefu wa kidole, kinene huku, chembamba kule. Akapumzisha mkono. Nilitaka kusema iko vizuri, nikajizuia. Nikamuuliza, "Inauma?"

"Inauma. Lakini si kama ile ya zamani." Akanirushia kile kipande mapajani. "Haya, karani. Hesabu na hicho."